Msahafu wenye "maliki" fupi: ni kosa la chapa?

Mwalimu, Uyole: Asalaam aleykum. Madrasa yetu hapa Mbeya imepewa misahafu kutoka Moroko. Kwenye Fatiha "maliki" haivutwi, herufi fa ina nukta chini, qaf nukta moja juu. Tuwape watoto au tuirudishe?

Ustadh, Mafinga: Waaleykum salaam. Wala si kosa. Hiyo ni riwaya (njia ya kusoma Qurani) ya Warsh kutoka kwa Nafi wa Madina. Sisi huku tunasoma Hafs kutoka kwa Asim wa mji wa Kufa, Iraki. Nafi na Asim wote wamo katika wasomaji saba aliowachagua mwanachuoni Ibn Mujahid (aliyefariki 936). Nukta zisiwatishe, ni mwandiko wa Maghribi (Afrika Kaskazini-Magharibi) tu.

Watakapokwama ni kwenye hamza (mkato wa sauti kooni). Mwanzo wa Al-Muminun Hafs anatamka "qad aflaha". Warsh anaidondosha hamza, fatha yake (irabu ya "a") inahamia kwenye herufi dali: "qadaflaha". Mtoto aliyezoea Hafs atairudisha hamza bila kujua. Na "jaa-a" ya Warsh huvutwa harakati (vipimo vya urefu wa sauti) 6, ya Hafs 4 au 5.

Msomaji, Tukuyu: Hesabu nayo itawavuruga. Hafs ni aya 6236, Warsh 6214. Bismillahi ya Fatiha haihesabiwi kuwa aya kwenye Warsh, na "an'amta alayhim" inafunga aya ya 6. Ukisema "someni aya ya pili", nusu ya darasa iko kwingine!

Ustadh, Mafinga: Kweli kabisa. Iwekeni kabatini mpaka apatikane mwenye ijaza (idhini ya kufundisha) ya Warsh. Riwaya hupokewa kwa mdomo wa mwalimu, haisomwi kwa kubahatisha alama.