Mzani wa keki

UKOO WA BIBI 🏠

Alhamisi jioni

Mama Kulwa: Jamani habari za jioni. Nina hasira hapa hata ugali sijasonga

Mama Kulwa: [picha]

Mama Kulwa: Hicho mnachokiona ni kipande cha sangara, nimenunua saa kumi kwa yule kijana wa hapa barabarani, mteja wake mimi tangu mwaka juzi ananiita mama mama, kanipimia kilo moja elfu 13, nafika nyumbani namkuta Doto anapima unga wa keki nikamwambia hebu weka na huyu samaki tuone, kwa utani tu wallahi, sasa angalieni hiyo namba

Kulwa: 780???

Doto: Gramu 780 kaka. Nimepima mara tatu nimemgeuza mpaka upande wa ngozi

Shija: 😂😂 mama umepigwa

Mama Kulwa: Shija usinichekee

Baba Neema: Pole shemeji. Ila kabla hatujamhukumu mtu huo mzani wa Doto wenyewe mzima? Hii mizani midogo ya elfu ishirini nayo ina mambo yake

Doto: Baba mdogo mzani wangu mzima huo ndo unaniingizia hela ya hosteli

Baba Neema: Sawa mwanangu lakini tuhakikishe, chukua chupa ya lita moja ipime tupu halafu ijaze maji uipime tena, maji lita moja ni kilo moja hayadanganyi

Kulwa: Fundi kaanza

Doto: Haya. Chupa tupu 28. Ikiwa na maji 1,024. Na pakti ya sukari ya kilo haijafunguliwa imesoma 1,005 na nailoni yake

Baba Neema: Mzani mzima. Shemeji umepigwa

Mama Kulwa: 220 ndo zimepotea, kwa bei yake ni elfu mbili mia nane na sitini, hiyo si nyanya na vitunguu na nauli inabaki??

Mama mdogo Mbuke: Dada huyo samaki alimtoa kwenye deli la barafu?

Mama Kulwa: Ndio, alikuwa mgumu kama jiwe

Mama mdogo Mbuke: Bas hapo kuna maji pia, akiyeyuka anachuruzika yanabaki kwenye mfuko wewe unamwaga kwenye sinki. Ila maji hayawezi kufika robo kilo, hapo na mzani umechezewa. Alimpima kwa ule wa kuning'iniza au wa mezani?

Mama Kulwa: Wa kuning'iniza ule wa mshale

Mama mdogo Mbuke: Mshale ulikuwa umeanzia kwenye sifuri?

Mama Kulwa: Mbuke mimi naangalia sifuri saa ngapi, alikuwa ananiuliza watoto hawajambo

Shija: 😂😂😂😂 ndo mbinu hiyo

Mama mdogo Mbuke: Ndo uangalie siku nyingine. Mzani ukiwa mtupu mshale usimame kwenye sifuri, na uwe na stika ya wakala wa vipimo ya mwaka huu maana wanakagua kila mwaka. Wengi hawana au wanayo imefutika hujui ya mwaka gani

Kulwa: Mama usijali mimi niliuziwa sabuni

Doto: Hatujasahau kaka

Kulwa: Shemeji zangu hawajui hiyo stori, mwaka wangu wa kwanza Dar jamaa kanionyesha simu nzuri nimeishika kabisa nimewasha nimepiga picha, kasema ngoja nikuwekee kwenye boksi, nafika geto nafungua ni mche wa sabuni umekatwa umefungwa na soltepu vizuri uzito uleule wa simu, yani kazi aliyoifanya ya kuipunguza ile sabuni mpaka ilingane mimi naiheshimu

Shija: Ungebonyeza *#06# ukatuma zile namba 15090 wangekwambia kama simu ni halali

Kulwa: Ningebonyeza wapi Shija, kwenye sabuni?

Mama mdogo Mbuke: 🤣🤣🤣🤣 nimecheka mpaka mteja kanishangaa

Mama Kulwa: Nyie mnafanya mzaha, mimi nasema hivi wauzaji wa mji huu wote wezi. Wote! Jana nimepanda daladala Buzuruga konda hana chenji mpaka nashuka, dukani mia yangu nimepewa pipi mbili, mimi mtu mzima pipi naipeleka wapi, leo nikienda na pipi zangu nikamwambia nipunguzie kiberiti atakubali??

Doto: Na supamaketi shelfu imeandikwa 4,500 ukifika kwa keshia inasoma 5,200, ukiuliza et bei ilibadilika hawajatoa karatasi ya zamani. Mi siku hizi napiga picha shelfu kabisa

Baba Neema: Hayo madogo, njooni kwenye ujenzi muone. Nondo ya milimita 12 ikiwa kweli ni 12 ile ndefu ya mita 12 inatakiwa iwe na kilo kama kumi na nusu na kidogo, sasa kuna zile wanazoita 12 ya biashara, ukiweka kalipa inasoma 10 na pointi, mwenye nyumba kalipia 12 anaona zimepakwa rangi mwisho anajua ndo zenyewe. Mabati ndo usiseme, unauziwa geji 28 kumbe 30, na wateja wengi hawajui kuwa namba ikipanda bati linakuwa jembamba, mtu anafurahi kabisa kapewa 30 kwa bei ya 28 anadhani kaongezewa

Shija: Mi ningefurahi pia 🙈

Baba Neema: Halafu upepo wa ziwani ukija bati linapiga kelele anaitwa fundi. Fundi ndo mwizi

Mama mdogo Mbuke: Dada nimerudi kwenye lile neno lako. Wauzaji wote wezi?

Mama Kulwa: Nimesema wale

Mama mdogo Mbuke: Umesema wote, liko hapo juu sijafuta mimi

Doto: 👀

Mama mdogo Mbuke: Mimi nauza dagaa Igoma hapa mwaka wa nane huu, sado yangu mtu yeyote aje ageuze aone kitako. Ziko meza hapa nazijua kitako kimepashwa moto kikasukumiwa ndani, ukiangalia juu sado imejaa ina na kilele lakini chini kuna kilima, na wengine wanapima wameshika sado kwa ndani kidole gumba kimezama kwenye dagaa mkono wote umechukua nafasi, na kile kilele wakikimimina nusu inarudi kwenye beseni lao. Hizo zote nazijua sizifanyi. Na nikitaka kuzifanya sababu ninayo

Kulwa: Sababu gani mama mdogo

Mama mdogo Mbuke: Sababu mimi mwenyewe napigwa kabla yenu. Nashuka Mwaloni Kirumba alfajiri nanunua kwa ndoo, siyo kilo, ndoo, na ndoo ya pale siyo mimi naipima, wale dagaa kama wamekaushwa chini mchangani badala ya kwenye chanja nikifika hapa nachekecha natoa mchanga sado karibu nzima, huo mchanga nimeulipia kwa bei ya dagaa! Msimu wa mvua ndo balaa wanakuja hawajakauka leo wazito kesho wamenywea. Sasa mteja anakuja anasema mbona umepandisha, mwenzake anasema mwizi

Mama Kulwa: Mbuke mdogo wangu sikukusudia wewe

Mama mdogo Mbuke: Najua dada ila imeniingia

Kulwa: Mama mdogo ule mzigo ulionitumia kwa basi haukuwa na mchanga hata punje, jirani zangu wa huku wanaulizia

Mama mdogo Mbuke: Wale wa chanja. Wewe nakuchagulia

Mjomba Masalu: Mwadila. Nimetoka shamba saa hizi nasoma ujumbe 97. Mnalia gramu 220?

Shija: Mjomba kaingia 🔥

Mjomba Masalu: Mimi nawauliza nyie watu wa mjini, viazi vitamu mnavyokula vinafikaje huko. Anakuja dalali na fuso anakuja na magunia yake, siyo yangu, anajaza mpaka mdomoni halafu anaanza kushona kamba juu linapandishwa kilemba, vijana wawili wanakanyaga, lile juu peke yake karibu gunia lingine. Lumbesa hiyo. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, hilo watu wawili hawalinyanyui. Analipa gunia moja. Nikikataa anawasha gari anaenda kwa jirani, viazi vyangu vimeshachimbwa haviwezi kurudi ardhini

Baba Neema: Kweli kaka hiyo ni dhuluma

Mjomba Masalu: Tulisema daraja likiisha tutavuka wenyewe. Limeisha, mwaka 2025 limefunguliwa, Kigongo Busisi siku hizi unavuka kwa dakika chache hakuna tena kukaa foleni ya kivuko viazi vinaoza. Nimeleta mwenyewe magunia manne mwezi uliopita

Doto: Ikawaje mjomba?

Mjomba Masalu: Sokoni wakaniambia hayo siyo magunia, hayana kilemba. Wakanipa bei ya nusu

Kulwa: 😳

Mama Kulwa: Masalu hukuniambia, si ungelala kwangu

Mjomba Masalu: Ningekwambia nini dada

Mjomba Masalu: [sauti 1:12]

Doto: Kwa wasio na bando hiyo ni sauti ya bibi, anasema wabeja sana kwa sukari mliyotuma, anasema zamani samaki hakupimwa alikuwa anatazamwa, unaweka mafungu chini mtu anachagua fungu kwa macho akionewa ni macho yake mwenyewe, halafu anauliza huyo sangara kichwa chake nani kakila

Mama Kulwa: Mwambieni mama nilinunua kipande hakina kichwa

Mjomba Masalu: [sauti 0:06]

Doto: Anasema basi hapo ndo ulipoibiwa

Shija: 😂😂😂😂😂 bibi jamani

Baba Neema: Mi nashauri Doto huo mzani uuzungushe kwenye familia

Mjomba Masalu: Uje na huku, dalali anakuja wiki ijayo

Doto: Mjomba mwisho wake kilo 5

Mjomba Masalu: Si nitapima kidogo kidogo

Kulwa: Lumbesa kwa mzani wa keki mtamaliza Krismasi

Mama Kulwa: Nataka kupima na mtungi wa gesi, mwezi huu umeisha wiki ya pili

Doto: MAMA KILO 5

Baba Neema: Shemeji mtungi huhitaji mzani wa Doto, pale shingoni wameandika uzito wa mtungi ukiwa mtupu, muuzaji anatakiwa awe na mzani, mwambie apime mbele yako, mtupu jumlisha kilo 6 za gesi ndo iwe jumla. Akisema mzani umeharibika nenda kwa mwingine

Mama mdogo Mbuke: Mimi nautaka kweli siyo utani. Doto Jumamosi njoo nao Mwaloni tuwe wote, nataka nipime hata kilo moja ya dagaa mbele ya yule anayeniuzia kisha nichekeche palepale nipime tena, aone mchanga wake kwa namba

Doto: Nakuja mama mdogo. Kukodi buku tatu 😁

Mama mdogo Mbuke: Nitakupa dagaa

Doto: Wa chanja?

Mama mdogo Mbuke: Wa chanja

Mama Kulwa: Na kabla hujaenda unapita kwa yule kijana wangu wa samaki, mimi nitakuwa pale nasubiri, simwambii kitu, namwambia tu mwanangu hebu tupime na hapa

Shija: Naja kushuhudia

Mama Kulwa: Wewe njoo ubebe mfuko


Jumamosi asubuhi

Mama Kulwa: Doto uko wapi niko hapa kwa samaki kijana kashanipimia

Doto: Nakuja mama niko kwenye bajaji

Shija: Mi nimefika. Mama kasimama kama askari

Mama mdogo Mbuke: Na mimi niko Mwaloni tayari, nimemwambia yule jamaa leo naja na mzani kanuna ila kakubali. Kuna watu wamekusanyika wanataka kuona

Mama Kulwa: Doto

Mama mdogo Mbuke: Mkishamaliza hapo mje haraka jua linapanda

Shija: Doto kafika. Anatoa mzani

Kulwa: Video jamani mtu arekodi!!

Mjomba Masalu: Bibi yuko hapa anauliza imekuwaje

Shija: Hauwaki

Kulwa: Nini hakiwaki

Shija: Mzani. Haujawaka. Doto anaupigapiga kwenye goti

Mama mdogo Mbuke: Jamani watu wananisubiri huku

Baba Neema: Betri hiyo. Doto badilisha betri

Doto: Nimebadilisha jana usiku baba mdogo kwa ajili ya leo, mpya kabisa nimezitoa kwenye pakti

Mama Kulwa: Umenunua wapi

Doto: Kwa machinga stendi, nne kwa buku

Kulwa: 🤦🏾‍♂️

Shija: Kijana wa samaki kasema yeye anazo betri nzuri ananiuliza nimuuzie mama ngapi