Hivi katuni za kuchorwa kwa mkono ziliishia wapi?

Baba Nasra
Wakuu habari za jioni. Jumamosi nilikuwa home na binti yangu ana miaka saba, nikasema leo ngoja nimuonyeshe katuni tulizokua nazo sisi, nikamwekea Lion King ile ya 1994 ambayo mi niliiona kwa jirani kwenye kaseti ya video, picha inakwaruza, tumejazana sebuleni kama dagaa na mama mwenye nyumba anatutoa mmoja mmoja akichoka. Ilivyoisha akataka tena, nikamwekea ile mpya ya 2019. Sasa hapo ndo nikaona kitu.

Kwenye ya zamani Mufasa akifa, yule mtoto anaenda kujipenyeza chini ya mkono wa baba yake, aise binti alilia mpaka nikajuta. Kwenye mpya tukio ni lilelile, yeye anakula bisi zake ananiuliza "baba hao ni simba wa kweli?" Basi. Hata chozi la kusingizia hamna.

Nikarudisha nyuma nikaangalia tena zote mbili, kumbe simba wa kuchorwa ana nyusi! Simba wa kweli hana nyusi wakuu, nendeni Serengeti mkahakikishe. Huyu wa 2019 manyoya yanapepea unaweza kuyahesabu, vumbi vumbi kweli, lakini uso umekaa tu kama anasubiri daladala.

Sasa swali langu, kwanini waliacha kuchora? Ni gharama, wachoraji waliisha, au watoto walizikataa? Na kama kuna sehemu bado wanachora mnielekeze nimtafutie binti, maana za sasa hivi naona zote sura moja, macho makubwa yanang'aa kama sahani.

Kitumbua cha Moto
Mi ugomvi wangu na hiyo movie sio nyusi, ni hakuna matata. Tangu itoke kila mgeni akishuka uwanja wa ndege anadhani ndo salamu yetu, wakati huku mtaani tunasema hakuna shida. Alafu nguruwe wa watu wakampa jina Pumbaa na hakuna hata Mswahili mmoja aliyewaambia jamani hapo mmemtukana. Haya endeleeni, nimekaa pale nasoma.

Mzee wa Penseli
Baba Nasra umegusa penyewe, hili jambo nimelifuatilia miaka mingi kuliko navyofuatilia mpira, kwa hiyo nivumilie ntaandika kirefu.

Kwanza piga hesabu. Sinema inatembea fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde moja. Wachoraji mara nyingi mchoro mmoja wanaupa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja ni michoro 12. Movie ya dakika 80 ni fremu 115,200, ukigawa mbili bado una michoro zaidi ya 57,000, na hapo mhusika mmoja tu, wakiwa watatu kwenye picha zidisha mwenyewe. Mchoraji mkuu anachora ile mikao mikubwa, wasaidizi wanajaza ya katikati, mwingine anasafisha mistari, alafu enzi hizo mstari unahamishiwa kwenye karatasi ya plastiki inayoonyesha, inageuzwa, inapakwa rangi kwa nyuma. Hiyo kazi ya wino na rangi pale Disney, wenye hiyo Lion King, walijaa wanawake, na kwenye Snow White ya 1937 majina yao hata kwenye filamu hayakuandikwa.

Sasa watu wanadhani kompyuta ilikuja siku moja ikagonga mlango ikawafukuza wachoraji. Sio hivyo, ilipitia uani kidogo kidogo na wachoraji wenyewe ndo waliikaribisha. Hata kabla ya kompyuta, 1961 kwenye ile ya mbwa wa madoadoa walishaanza kutumia mashine ya fotokopi kuhamisha mistari, ndo maana mistari yake inaonekana ya kukwaruza kwaruza. The Little Mermaid ya 1989 ndo movie yao ya mwisho kupakwa rangi kwenye zile plastiki, na kuanzia The Rescuers Down Under ya 1990 karatasi zinachorwa kwa penseli alafu zinaskaniwa, rangi inawekwa kwenye kompyuta, kwa mfumo waliotengeneza pamoja na Pixar. Ndio, haohao Pixar wa katuni za kompyuta. Na hiyo Lion King yako ya 1994, wale nyumbu wanaoshuka bondeni kwa mamia ni kompyuta, kipande cha dakika mbili na nusu kilikula zaidi ya miaka miwili ya kazi. Kwa hiyo binti yako alilia kwenye movie ambayo kompyuta ilikuwemo tayari, ila ilikuwa inamtumikia mchoraji.

Kilichobadilisha mambo ni Toy Story ya haohao Pixar, Novemba 1995, yote kompyuta. Na wale jamaa walikuwa wajanja, kompyuta ya wakati ule ilikuwa haiwezi nywele, haiwezi ngozi ya binadamu, kila kitu kinatoka kama plastiki, basi wakatengeneza stori ya vitu vya plastiki! Kitu chenye manyoya hasa ilibidi kisubiri mpaka Monsters, Inc. ya 2001, yule jitu lao Sulley ana nywele zaidi ya milioni mbili. Ila mabosi hawakuangalia nywele, waliangalia hivi: Toy Story ilitengenezwa na watu kama 110 kwa dola milioni 30, Lion King ilikuwa na watu kama 800 na dola milioni 45. Hapo mtu wa mahesabu hata halali.

Alafu ikaja 2002, Treasure Planet ya Disney, imechorwa, imekula dola milioni 140 na dunia nzima ikarudisha kama 110 hivi. Ikabuma. Mwaka uliofuata DreamWorks, studio pinzani, wakatoa Sinbad ya kuchorwa nayo ikabuma wakaachana na kuchora kabisa, na mwaka huohuo Finding Nemo inavuna pesa kama mvua. Wakubwa wakasema basi, watu hawataki penseli.

Sasa nikwambie kinachoniuma mpaka leo. Hiyo 2002 hiyohiyo ilitoka Lilo & Stitch, imechorwa kwa mkono, mandhari za nyuma ni rangi ya maji kabisa, gharama milioni 80 ikarudisha zaidi ya 270. Ilitengenezwa kwenye studio ya Disney ya Florida. Na Januari 2004 studio waliyoifunga ni ipi? Hiyohiyo ya Florida. Movie ya penseli ikibuma kosa la penseli, ikifanya vizuri eti ni stori nzuri.

Mchumi Mtarajiwa
Mzee wa Penseli heshima yako ila umeweka moyo sana hapo. Biashara ni biashara, kila teknolojia inaua nyingine, taipureta iko wapi, kaseti ya Baba Nasra iko wapi, mbona hatuzililii. Watoto walipewa vyote viwili wakachagua, na tiketi ndo kura. Hiyo Lion King ya 2019 mnayoisema haina nyusi imeingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, ile ya 1994 ilipotoka iliingiza kama milioni 760 na kitu. Sasa nani anajua kuliko mwenye pesa.

Alafu hao mabosi si walijaribu tena? 2009 wakachora The Princess and the Frog, haikubuma lakini mwaka uliofuata Tangled ya kompyuta ikaingiza mara mbili yake. Mtu mzima ukiona hivyo unafanyaje?

Mzee wa Penseli
Mchumi, bilioni 1.6 ile ni sisi wazazi tuliolia 1994 ndo tulinunua tiketi, usitudanganye. Na 2011 wakachora Winnie the Pooh alafu Marekani wakaiachia siku moja na Harry Potter ya mwisho. Siku moja! Mtu unampeleka mtoto akapigane na bondia wa uzito wa juu alafu unasema mtoto dhaifu.

Shosh wa Kalamu
Hamjambo watu wa Bongo, mimi niko Nairobi na hii ndio kazi inanilipia rent, wacha niwaambie venye iko kwa meza.

Baba Nasra, kwanza usiilaumu kompyuta kwa mambo ya nyusi. Kompyuta inaweza kuweka nyusi hata kwa sufuria. Samaki hana nyusi wala kope lakini Nemo na babake wanakunja uso mpaka unawahurumia. Ile ya 2019 waliamua wanataka ifanane na filamu ya wanyama, kwa hivyo director ndiye alizikataa nyusi, si mashine. Kwenye hiyo movie nzima ni shot moja tu ya kweli, ile ya jua kuchomoza mwanzoni, zingine zote ni kompyuta. Na wale wa 1994 walikuja mpaka huku Kenya, Hell's Gate, wakaangalia mawe na nyasi na wanyama alafu wakarudi wakachora venye waliona. Kuna kuiga na kuna kuona.

Pili, sababu kubwa ya kuacha kuchora wenye wanalipa hawaisemi sana. Ni marekebisho. Kuna mteja mmoja nilimfanyia tangazo la sekunde 20, nimechora yote kwa mkono kwa tableti, karibu mwezi mzima sijalala vizuri, nimempelekea akaniambia ni poa sana, sasa zungusha tu kamera kidogo tumuone huyu mama kutoka upande. Kidogo! Kwa 3D, hizi za kompyuta, mhusika ameshajengwa kama sanamu, unasukuma kamera, unarenda tena, yaani kompyuta inatoa picha upya, kesho asubuhi ako nayo. Kwa mchoro hakuna upande, upande haujachorwa, unaanza upya kila karatasi. Mwenye pesa anapenda kubadilisha mawazo hadi dakika ya mwisho na 3D inamruhusu, penseli inamlazimisha aamue mapema. Hiyo ndiyo vita yenyewe, si bei, juu 3D siku hizi si rahisi hata, hizo movie kubwa zinafika dola milioni 200.

Alafu hii kitu ya kubana kazi ni ya zamani sana. Tom na Jerry mnawapenda, studio yao ya MGM ilifungwa 1957 juu ilikuwa ghali, Hanna na Barbera waliowatengeneza wakaenda kufanyia TV mwaka huohuo na hapo budget ikawa ya chai na mandazi. Mshawahi kujiuliza kwa nini Yogi Bear, yule dubu wao wa TV, amevaa kola na tai na hana shati? Kola inaficha mahali kichwa kimekatwa. Mwili unabaki mchoro mmoja, unachora kichwa tu kikiongea. Hakukuwa na kompyuta hapo, ilikuwa njaa tu.

Na sisi huku tunafanya vivyo hivyo lakini kwa kompyuta. Unamchora mhusika mara moja, unamkata vipande, mkono, kiwiko, mdomo, unamuunga viungo unamchezesha kama kikaragosi. Tinga Tinga Tales ilitengenezwa hapa Nairobi, ikatoka 2010, wale wanyama wametoka kwa mtindo wa picha wa Edward Saidi Tingatinga wenu wa Dar, na ukiangalia ni picha bapa zenye viungo. Si kuchora kila fremu lakini si ile ya plastiki pia, na ilipendeza. Kwa hivyo mkiuliza ni mkono ama kompyuta mimi huwa nashindwa kujibu, juu mkono wangu uko ndani ya kompyuta kutoka asubuhi hadi jioni.

Za kumuonyesha mtoto: tafuta Klaus ya 2019, ilichorwa huko Madrid, wakaongeza mwanga na vivuli kwa kompyuta mpaka watu wanabishana ati ni 3D. Tafuta pia za Cartoon Saloon wa Ireland, Wolfwalkers ya 2020, hapo penseli wameiacha ionekane makusudi, mistari ya chini haijafutwa. Na Japani ndio usiseme.

Mzee wa Penseli
Shosh hapo kwenye kamera umenifungua macho, sikuwahi kuliwaza hilo. Na Japani naongezea, kuna katuni yao ya familia inaitwa Sazae-san iliendelea kupakwa rangi kwenye zile plastiki mpaka 2013, dunia nzima imeshahama wao wako na brashi. Miyazaki, yule mzee wao wa filamu za katuni, ndo kabisa, Oscar kachukua 2003 na kachukua tena 2024 akiwa na miaka 83, na Ponyo yake ya 2008 ina michoro kama 170,000. Nao kompyuta wanayo, wanaitumia kwenye rangi na mambo mengine, ila penseli hawakuitupa. Mchumi sasa nieleze, mbona Wajapani tiketi wanakata?

Mchumi Mtarajiwa
Wajapani ni watu wengine bana. Ila sawa, hiyo ya kola ya Yogi imenishinda, nimeenda kuangalia ni kweli kabisa.

Kitumbua cha Moto
Shosh mi nataka kujifunza na sina hela ya softiwea, nianzie wapi?

Shosh wa Kalamu
Krita, Blender na OpenToonz zote ni za bure, na kwa Blender unaweza kuchora kwa mkono pia. Lakini anza na daftari. Chora kwa kona ya chini, anzia ukurasa wa mwisho ukija mbele, ndio mchoro wa chini uuone kupitia karatasi uusogeze kidogo. Daftari za bei ya chini karatasi yake ni nyepesi, ndio nzuri kabisa. Chora mpira unadunda. Ukiweza kuufanya mpira uonekane mzito, umeanza kazi.

Baba Nasra
MREJESHO. Wakuu nimesoma yote nimeelimika, Mungu awabariki. Klaus tumeiangalia jana, kalia, tena mara mbili, mama yake ananiangalia vibaya. Hiyo ya daftari nilimuonyesha asubuhi nikatoka kwenda kazini, nimerudi jioni nakuta kachora karibu kurasa 30, mpira unadunda kweli, na kuanzia katikati mpira umeota nyusi, ukikaribia chini unakunja uso kama unaogopa kuumia. Sijamfundisha mimi. Tatizo daftari lenyewe ni la Hisabati na Jumatatu mwalimu anakusanya.