Kigoma: boti ya Gombe inaondokea bandari ipi, na tulale wapi?

BintiIpuli

Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Ipuli hapa Tabora. Likizo ya Juni nataka kumleta mama Kigoma pamoja na mwanangu wa darasa la sita, ana miaka 12. Mama kazaliwa Urambo, kakulia kwenye tumbaku, na maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Igombe. Tangu aliposikia redioni msiba wa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa hifadhi ya Gombe, Oktoba 2025, amenishikilia: nipeleke kwa sokwe kabla sijafa, na nipande meli.

Nimeandika "bandari ya Kigoma" kwenye ramani ya simu, ikanipeleka kando kabisa ya stesheni. Nikasema safi, tunashuka kwenye treni, tunatafuta gesti hapohapo, kesho yake tunapanda boti. Sasa jirani yangu anayebeba chumvi ya Uvinza kwa lori ananicheka, anasema nikisubiri boti ya Gombe pale nitazeeka. Yupi sahihi, yeye au ramani? Na gesti ipi inafaa? Mfuko ni wa mwalimu, mnaujua.

Mwisho_wa_Reli

Jirani. Boti za Gombe ni Kibirizi.

MamaChapati

Marahaba mwalimu, na mama mpe shikamoo yangu. Ramani haijakudanganya, imekujibu ulichouliza. Mimi nauza chai na chapati huku Kibirizi, ngoja nikueleze tunavyoishi nalo hili ziwa.

Huku bandari si moja. Hiyo ya jirani na stesheni ndiyo bandari kubwa. Reli ilipofika 1914 Wajerumani walitaka mzigo utoke kwenye behewa uingie melini, ndiyo maana vimebanana vile. Pale ni mizigo ya Kalemie, Uvira na Bujumbura, na ndiko kwao Liemba, ile meli kongwe ya abiria. Kibirizi tuko kaskazini ya mji, kama kilomita tatu, bajaji au bodaboda inakufikisha. Boti za mbao za vijiji vya kaskazini zinatokea huku, zinakwenda mpaka Kagunga mpakani na Burundi, na Gombe iko njiani. Ujiji na Katonga ni upande wa kusini, hizo ziweke kando kwanza.

Kiangazi chote nawaona. Mtu kalala gesti nzuri tu "karibu na bandari", asubuhi kajinywea chai taratibu, halafu anakuja kuulizwa bandari gani. Anafika huku anahema, begi la magurudumu limekwama mchangani, na boti hiyoo inakata maji. Namuuzia chai, nimfanyeje.

Boti ya abiria inaondoka mchana, saa sita, saa saba, inategemea imejaa lini. Jumapili usiitegemee. Majini ni saa tatu mpaka nne kufika Kasekela, ndipo makao ya hifadhi. Na usifikirie viti: mnakaa na magunia, madumu ya mawese, kuku na magodoro ya watu. Kurudi, boti inapita pale asubuhi mapema sana. Yaani ukienda kwa boti ya abiria lazima ulale hifadhini, huwezi kwenda na kugeuza. Hapo ndipo bajeti za wengi zinapofia, maana walishalipa gesti ya mjini kwa usiku huohuo. Kuna kukodi boti nzima, kupitia hifadhi au hoteli kubwa, unaenda na kurudi siku moja, lakini hiyo ni bei ya kugawana watu wengi.

Kulala sasa. Gesti za mfuko wako ziko mtaa wa Mwanga, kule juu, daladala hazikosekani. Lake Tanganyika Hotel ipo ufukweni na si mbali na stesheni, ila uliza bei kabla hujamwonyesha mama ile bustani, maana hatatoka. Hilltop iko nje ya mji juu ya mwamba, hiyo nendeni mkanywe soda mtazame ziwa, mrudi zenu Mwanga. Huku Kibirizi penyewe usije kulala, wavuvi wa dagaa hawana usiku.

BintiIpuli

Mama Chapati, Mungu akuzidishie. Kumbe ningelipa vitanda viwili kwa usiku mmoja. Kwenye boti kuna laifu jaketi? Na je, tukifika asubuhi na treni tunaweza kuunganisha boti ya mchana huohuo?

MamaChapati

Laifu jaketi uliza kabla hujalipa, na umvalishe mtoto ukiwa bado nchi kavu. Kuhusu treni, wewe ni mtu wa Tabora, unaijua kuliko mimi. Acha siku nzima katikati. Juni pia upepo wa kusini unaamka, ziwa likichafuka nahodha anasubiri na ninyi mnasubiri.

MzeeBangwe

Mwalimu, naona wote wamepita juu ya jambo moja. Mtoto ana miaka 12. Gombe, aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda msituni kuwafuatilia sokwe. Utamsafirisha mpaka pale, halafu abaki kambini na nani? Na mama, je, magoti yake yakoje? Ile milima inasimama wima kutoka ziwani. Sokwe hawakai chini wakikungojea, siku nyingine mnapanda mpaka mnashika mizizi. Hifadhi haina barabara wala gari. Nimewasindikiza wageni kule, nimeona vijana wakikaa chini wakilia.

Liemba nayo msiipange kwa kusikia. Ilikuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo ulizeni dirishani bandarini siku mkifika. Hata ikiwa inatembea, inakwenda kusini, Kipili, Kasanga mpaka Mpulungu Zambia, Gombe haipiti. Vijiji vingi vya njiani havina gati, abiria wanashuka kwenye mitumbwi gizani ziwa likicheza. Mama wa watu usimfanyie hivyo. Mpelekeni bandarini aitazame kama ipo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikaja kuunganishwa hapahapa. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mjukuu darasa la sita atapenda hiyo kuliko sokwe.

Ushauri wangu: Ujiji asubuhi, pale Stanley alipomkuta Livingstone 1871. Mtashangaa, enzi hizo palikuwa pembeni ya maji, sasa ziwa liko mbali, mnatembea. Halafu Katonga. Pale mnaelewana na mwenye boti ndogo, awazungushe saa moja ufukwe kwa ufukwe, ziwa likiwa limetulia, yaani asubuhi mapema kabla ya upepo. Karibu na hapo ni ufukwe wa Jakobsen, maji meupe mpaka unaona kokoto, mtoto ataogelea.

Mwisho_wa_Reli

Mzee kamaliza. Ila mama alisema sokwe.

BintiIpuli

Nimemsomea mama mbele ya mtoto. Hilo la miaka 15 limeleta kilio, si cha mtoto, cha mama: anasema hawezi kumwacha mjukuu kambini. Magoti nayo, akinyanyuka anaomba mkono. Kwa hiyo sokwe wamefutwa mwaka huu, na labda nitakuja peke yangu siku nyingine kumpigia picha. Tutalala Mwanga, Ujiji siku ya kwanza, Katonga ya pili alfajiri. Mzee, boti ya Katonga napatana na nani?

MzeeBangwe

Usipatane na anayekukimbilia barabarani. Shuka mpaka kwenye mchanga, ulizia mwenye chombo mwenyewe, patana bei ya watu wote watatu pamoja na mafuta, na nusu ulipe mkirudi. Siku ukija Gombe peke yako, kumbuka kitambulisho cha NIDA upate kiingilio cha Mtanzania, na malipo yao ni kwa namba ya malipo, noti hawapokei.

MamaChapati

Na gesti ya Mwanga omba chumba cha chini. Nyingine ngazi zake ni Gombe ndogo.