Kubadilisha LED ya tochi ndogo ya bei nafuu: 519A, LH351D au SST-20?

Mulika: Wadau, salamu. Nina tochi ndogo ya bei nafuu ambayo mwanga wake umeelekea buluu mno, na ninataka kuiondoa LED yake na kuweka nyingine. Nimebakiza tatu za kuchagua: Nichia 519A, Samsung LH351D na Luminus SST-20. Zote ni za umbo la 3535, yaani milimita 3.5 kila upande. Ninunue ipi?

Shaba_Tupu: Ndugu Mulika, umetuficha mambo yote ya msingi. Unatumia betri gani, AA ya volti 1.5 au lithiamu ya 14500, yenye umbo kama la AA lakini volti nyingi zaidi? Saketi inapeleka ampea ngapi kwenye LED? Ubao uliobeba LED ya sasa una kipenyo gani, na kichwa cha tochi kinafunguka au kimegandishwa kwa gundi? Bila hayo, kila atakayekujibu atakusifia LED anayoipenda yeye.

Nuru77: Basi mimi nianze kuisifia yangu, ambayo ni 519A ya kelvini 4500 (kipimo cha rangi ya mwanga: kikipanda huelekea buluu, kikishuka huelekea manjano). LED nyingi za tochi za bei nafuu zina CRI, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu hadi 100, ya takriban 70, ilhali hii inapita 90, na tofauti huonekana zaidi kwenye wekundu: ukimulika ndani ya boksi la umeme, waya mwekundu na waya wa kahawia huacha kufanana.

Kibatari: SST-20 ya kelvini 4000 nayo inapatikana kwa CRI ya 95, kwa hiyo hoja hiyo haimalizi mjadala. Faida yake ni kwamba eneo linalotoa mwanga ni dogo kuliko la LH351D, na hivyo kiakisi kilekile (kile kikombe kinachong'aa kinachoizunguka LED) huukusanya mwanga katika mwale mwembamba unaofika mbali zaidi. Hata hivyo asitarajie miujiza, kwa sababu kuongeza umbali mara mbili kunadai ukali wa mwanga uongezeke mara nne: kandela 2,500 hufika mita 100 kwa kipimo cha ANSI, kiwango kinachotumika kupimia tochi, na mita 200 zinahitaji kandela 10,000.

Msumari: Kabla hamjaenda mbali, niwaeleze yaliyonipata. Tochi yangu ya 14500 niliipeleka kwa fundi pamoja na LED mpya. Lehemu ilikaa vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa kile kipete cheupe cha plastiki kinachoizunguka LED, ambacho kazi yake si kuiweka katikati ya kiakisi tu, bali pia kukizuia kiakisi, ambacho ni cha alumini, kisiguse nukta za lehemu. Kuba la LED mpya, yaani kile kifuniko chake angavu cha mviringo, lilikuwa pana zaidi, kipete kikakataa kuingia, na fundi akakitupa bila kuniambia. Nilipokaza kichwa, mwanga ulitokea mara moja ukazimika, kisha mkia wa tochi ukaanza kuunguza vidole. Katika saketi nyingi sahili za betri moja ya lithiamu, chanya ya LED imeungwa moja kwa moja na chanya ya betri, kwa hiyo nukta ile ilipogusa kiakisi, mkondo wote ulipita kwenye mwili wa tochi na kurudi kwa springi ya mkia. Nilipofungua, springi ilikuwa imelala kama uzi na plastiki ya swichi imeyeyuka upande mmoja. Betri yenyewe haikuwa na kinga ya kukata mkondo unapozidi. Kwa hiyo, ndugu Mulika, kabla ya kuuliza kuhusu rangi, uliza kama kipete chako kitaingia.

Nuru77: Hilo ni kosa la fundi, si la LED. Kuba la 519A linaweza hata kukatwa. Rangi hushuka kuelekea manjano kwa kelvini mia kadhaa au zaidi, na ule ukijani unaowasumbua wengi hupungua.

Kibatari: Umkatishe kuba mtu ambaye hajatuambia hata betri yake? LED ikikosa kuba, umbali wake kutoka kwenye kiakisi unabadilika, na anaweza kuishia na mwale wenye giza katikati.

Mulika: Samahani kwa kuchelewa. Betri ni AA ya kawaida, ingawa mwongozo unasema 14500 inaruhusiwa. Ubao una kipenyo cha milimita 16. Ampea sijapima.

Shaba_Tupu: Kwa AA moja saketi inalazimika kupandisha volti 1.5 hadi karibu 3, kwa hiyo mkondo unaofika kwenye LED ni mdogo na zote tatu zitakaribiana kwa wingi wa mwanga. Kwa 14500 joto ndilo litakaloamua. Kwangura ukingo wa ubao kwa kisu: ukiona weupe, ni alumini, nami ningetumia fedha kwanza kwenye ubao wa shaba ambao kitako cha LED kinagusa shaba yenyewe.

Kibatari: Kwa AA moja? Ubao wa shaba hapo ni anasa. SST-20, basi.

Nuru77: 519A.

Msumari: Na kipete je?