Rais Garfield, 1881: aliuawa na risasi au na madaktari?

Mdadisi:
Wakuu, Charles Guiteau alimpiga risasi Rais James Garfield wa Marekani tarehe 2 Julai 1881, kwenye stesheni ya treni Washington. Garfield akaja kufa 19 Septemba. Guiteau alidai mahakamani kwamba yeye alipiga risasi tu, walioua ni madaktari. Ana hoja, au anakwepa kitanzi?

Mkasi:
Vyote viwili. Kitanzi hakukikwepa, alinyongwa 30 Juni 1882.

Fuata njia ya risasi: iliingia mgongoni upande wa kulia, ikavunja mbavu, ikatoboa pingili ya kwanza ya kiuno bila kugusa uti wa mgongo, ikatulia kushoto nyuma ya kongosho. Palepale stesheni daktari wa kwanza alitia kidole kwenye kidonda bila kunawa. Akaja Dk. Willard Bliss, naye akatia chake, pamoja na kipekecho cha Nélaton. Hicho ni kifimbo chembamba chenye ncha ya kauri isiyong'arishwa; ikisuguana na risasi hutoka na alama ya madini. Ubaya wake, hufuata upenyo wowote ulio laini. Kilipita penye mbavu zilizovunjika kikaelekea chini, na kila walipopekua tena wakairefusha njia hiyo ya uongo. Maiti ilipopasuliwa, mfereji wa usaha ulizidi inchi 20 (sentimita 50), ukishuka kuelekea kwenye kinena. Risasi haikupita huko kabisa.

Bundi:
Na usisingizie kwamba hawakuwa na pa kujifunzia. Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza, alishawaeleza madaktari wa Marekani habari za asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu kwenye vidonda, kule Philadelphia, 1876. Wengi walimpuuza.

Mdadisi:
Na kile kifaa cha Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu, cha kutafuta risasi mwilini kwa sauti?

Mkasi:
Kilifanya kazi kwenye majaribio, kwa mgonjwa hakikuambulia kitu. Sababu moja, godoro lilikuwa na nyaya za chuma ndani, kwa hiyo sauti ilisikika eneo zima. Ya pili ndiyo inayoniudhi: Bliss alishashikilia kwamba risasi iko kulia, na huko ndiko kulikopimwa. Kushoto hawakupima.

Bundi:
Msisahau njaa. Alikuwa hawezi kushikilia chakula tumboni, wakawa wanamlisha kwa njia ya haja kubwa: mchuzi wa nyama, kiini cha yai, wiski, matone ya afyuni. Utumbo mpana hunyonya maji na chumvi, protini ya namna hiyo hainyonyi kwa kiasi cha kumlisha mtu. Alishuka kutoka kama kilo 95 hadi karibu 60.

Daftari:
Nawapinga kidogo. Kilichommaliza saa ile ni damu: ateri ya bandama, yaani mshipa unaopeleka damu kwenye bandama, ilijeruhiwa na risasi, ukuta wake ukavimba, mwishowe ukapasuka. Vidole vya Bliss havikufika huko. Hata angetibiwa na Lister mwenyewe, uvimbe ule ungebaki, na mwaka 1881 hakuna aliyekuwa na njia ya kuuona, maana eksirei ilikuja 1895.

Mkasi:
Sawa kwa ateri. Ila homa za majuma na majipu mwilini hazikutoka kwenye ateri.