Acheni hii hoja ya "Linux zote ziungane ziwe moja", mnatuumiza

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ikitajwa Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta ambao yeyote anaweza kuuchukua na kuubadilisha, lazima atokee mtu na wimbo uleule: distro (matoleo ya Linux ya makundi tofauti) nyingi mno, desktop (mionekano ya skrini) nyingi mno, si muungane mtengeneze kitu kimoja cha maana? Juzi nimeusikia tena kwenye semina, mtaalamu wa IT kabisa ameshika maiki, na ukumbi mzima unatikisa vichwa kukubali. Imeniuma.

Tuungane chini ya nani? Hapo ndipo wote wanapoingia mitini.

Chukueni OpenOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka: ilikuwa moja, na ilikuwa nzuri. Hata Kiswahili ilikiongea: Jambo OpenOffice ilitoka 2004, kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Januari 2010 kampuni ya Oracle wakainunua Sun, kampuni iliyokuwa ikiimiliki OpenOffice, na OpenOffice ikaenda humo humo kwenye mzigo. Waliokuwa wakiijenga hawakukaa kusubiri hisani ya tajiri mpya. Septemba mwaka huohuo wakachukua msimbo, wakaanzisha LibreOffice. Mwaka uliofuata Oracle wenyewe wakanawa mikono, OpenOffice wakaikabidhi kwa Apache, taasisi ya programu huria. Leo ukiweka Linux kwenye laptop, nyaraka zako unaandikia LibreOffice. Hiyo mnayoiita "kugawanyika" ndiyo iliyookoa kazi ya miaka yote ile.

Mnataka la karibuni? Machi 2024 Redis, hifadhidata inayotumika nyuma ya tovuti nyingi, walibadilisha leseni, ikaacha kuwa huria. Kabla mwezi haujaisha Valkey, iliyotokana na msimbo uleule wa Redis, ikawa imezaliwa chini ya taasisi ya Linux Foundation, na makampuni makubwa ya huduma za wingu (cloud) wakahamia huko. Mei 2025 Redis wakarudisha leseni huria. Sidhani walirudi kwa huruma. Walirudi kwa sababu watu walikuwa na pa kwenda.

Kuna shule naisaidia, maabara yake ina mashine za zamani za biti 32, RAM giga moja. Ubuntu, moja ya distro maarufu, waliacha kutoa desktop ya biti 32 kuanzia toleo la 17.10, mwaka 2017. Kwa hoja yenu ya distro moja, zile mashine zingekuwa chuma chakavu siku ile ile. Tulipiga distro ya Debian na desktop nyepesi ya Xfce, wanafunzi wakaendelea kuandika na kuchapa kama kawaida. Debian wameshikilia hizo biti 32 mpaka toleo la 13 lilipotoka 2025. Mashine mpya shule ingenunua kwa hela gani?

Ndiyo, anayeanza anachanganyikiwa na majina. Mpeni Mint, distro rahisi kwa anayeanza, mmemaliza.

Kinachoniudhi zaidi ni kuwa hoja hii inatoka midomoni mwa watu walioiona miaka ya Internet Explorer 6, kivinjari cha Microsoft. Ilitoka 2001, washindani wakaisha, toleo la 7 likaja 2006. Miaka mitano ya kusimama! Microsoft walishtuka kivinjari huria cha Firefox kilipoanza kuwanyang'anya watu.

Na yule mtaalamu wa semina, kama yumo humu, ajibu moja tu: mwaka 2010, kwa hiyo sheria yake ya kitu kimoja, wale watu wa OpenOffice wangekimbilia wapi?