Naomba ushauri: umeme wa sola wa DC kwa nyumba sita, bila inveta

Kibatari
Wakuu salaam. Nina paneli na betri nne, nimekubaliana na majirani watano tuunge nyumba zote sita kwenye mtambo mmoja. Mzigo ni taa za LED, simu, TV na feni za DC. Inveta sitaki hata kuisikia. Je, inafaa? Naomba majibu ya haraka, nimebanwa.

JuaKali_Original
Inafaa sana. Paneli inatoa DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, betri inatunza DC, LED inatumia DC. Ukiweka inveta unageuza kwenda AC, ule unaobadili mwelekeo kila mara, kisha adapta zinageuza tena kurudi DC, na kila ukigeuza unapoteza. Inveta ya kawaida inakula kama asilimia 10, mzigo ukiwa mdogo inakula zaidi. Ninyi mmelala, yenyewe inakula tu.

Bibi_Mdogo
Usiungane na majirani. Sisi tuliunga watatu, mmoja akachomeka pasi "mara moja tu". Hatusalimiani mpaka leo.

Waya_Mwekundu
Mleta mada, volti ngapi, na nyumba ya mwisho iko umbali gani?

Kibatari
Umbali wa kawaida tu mkuu. Nilichouliza ni kama DC inafaa.

Waya_Mwekundu
Taja mita.

Babu_Transfoma
Edison alianza na DC pale Pearl Street, New York, 1882. Volti 110, na bado umeme wake ulikomea kilomita moja na ushee. AC ikaja na transfoma ya kupandisha volti, ikafika mbali, ikamshinda. Leo DC hiyohiyo inasafiri zaidi ya kilomita elfu moja, kwa volti laki kadhaa. Vijana hamsomi.

Kibatari
Haya. Mita 100, volti 12, waya wa milimita za mraba 2.5, na nimeshaufukia. Msinishambulie. Aliyeniuzia alisema unatosha, vifaa vyangu vyote ni vya 12, na volti 12 haiui mtu.

Waya_Mwekundu
Mtu haiui, TV itaiua. Waya huo una ukinzani wa kama omu 7 kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni mita 200, yaani omu 1.4. TV na feni zikivuta ampea 5, volti 7 zinaishia njiani. Kwa volti 48 mzigo huohuo wa wati 60 unavuta ampea 1.3 hivi, na zinazopotea hazifiki volti 2. Waya ni uleule.

Mpelelezi
Hii chai. Mita 100 kamili, betri nne zinazotoa 48 bila baki? Huyu kapewa swali la chuo, ninyi mnamfanyia.

JuaKali_Original
Kama ni mtihani, alama za kwanza ni zangu.

Kibatari
Jana nimepima kule mwisho. Bila kuwasha kitu mita inasoma 12.6, sawa na kwenye betri. Nikiwasha TV inashuka hadi 8 na pointi, TV inazima, namba inapanda, TV inawaka, inazima tena. Watoto wa jirani wanahesabu kwa sauti. Swali gani la chuo linafanya hivyo?

Waya_Mwekundu
Namwamini. Bila mkondo hakuna volti inayopotea, ndiyo maana mita ilimdanganya. Unga betri kwa siriz, chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata, upate 48, kila nyumba iwekee kifaa cha kushusha hadi 12. Fyuzi ya DC iwe karibu kabisa na betri. Swichi za AC achana nazo: AC ya hertzi 50 inagusa sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inajifia. Ya DC inaendelea kuunguza.

Kibatari
Kontrola yangu ya kuchajia betri mwisho volti 24.

Mpelelezi
Mmeona? Kila jibu, kikwazo kipya.

Kibatari
Nimeshainunua jamani! Nikifunga 24 je?

Waya_Mwekundu
Kwa wati 60 utapoteza volti 4 hivi njiani. TV itawaka, ila karibu sehemu moja kati ya sita ya umeme inapasha udongo joto. Wakiongeza vifaa, hali inakuwa mbaya zaidi. Halafu, betri zote nne ni za umri mmoja?

Kibatari
Mbili ni za zamani kidogo.